Kakontwe: Ni uongo kusema moto ya zamani haina filtri

Kakontwe, Likasi. Kuna neno linalosemwa kila siku pale mafundi wa moto wanapofanyia kazi: «Hii moto ni ya zamani, haina filtri. Ongeza mafuta tu, uende.» Neno hilo ni uongo, na wanaolilipia si wale wanaolisema. Wanaolilipia ni vijana wanaobeba abiria kutoka Kakontwe kwenda mjini na kurudi. Kati yao kuna wanaolisha nyumba zilizojaa jamaa waliokimbia makwao. Moto ikilala garajini wiki mbili, sufuria ya nyumba hiyo inalala pia.

Moto nyingi zinazoitwa za zamani, na hata nyingi mpya kutoka China, zina motere iliyoigwa kutoka Honda CG125, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1970. Honda iliitengeneza ikijua itakwenda katika nchi ambako njia ni za vumbi na mafuta hayabadilishwi kwa wakati. Ndiyo maana haikutumia mnyororo wa kuendesha valvu, ikaweka fimbo za kuzisukuma. Ni motere yenye uvumilivu mkubwa. Lakini haikutengenezwa ili ile mchanga.

Na filtri iko. Tena ziko mbili. Ya kwanza ni wavu mdogo chini ya motere, unaozuia vipande vya uchafu visiingie kwenye pompi. Ya pili iko upande wa kuume, ndani ya kifuniko cha ambreyaji: kikombe cha chuma kinachozunguka pamoja na vilbreke. Mafuta yakipita humo, uchafu mzito unarushwa pembeni na kuganda kama udongo wa mfinyanzi. Kweli, hakuna filtri ya karatasi ya kununua dukani. Basi kwa kuwa hakuna kitu cha kununua, watu wameamua kwamba hakuna kitu cha kusafisha.

Kikombe kikijaa, uchafu unaendelea na safari mpaka kwenye biela. Dereva anasikia motere inagonga. Anaambiwa ni barabara mbaya. Baadaye anaambiwa alete pesa za biela, pistoni na segma. Fundi ambaye hakutaka kufungua kifuniko kwa saa moja sasa amepata kazi ya siku tatu. Si lazima awe na roho mbaya. Pengine hakufundishwa, pengine anaogopa kurarua karatasi ya kuzibia kifuniko na hana nyingine. Lakini bei ya karatasi hiyo na bei ya biela hazifanani hata kidogo.

Tena hapa ni Kakontwe. Wanajiolojia wameita aina nzima ya mawe ya chokaa kwa jina la mahali hapa, na wakati wa kiangazi kila mtu anajua vumbi linavyokaa juu ya nguo, sahani na vitanda. Mahali kama hapa, kuna madereva wanaotoa sponji ya filtri ya hewa wakisema moto inapumua vizuri zaidi. Inapumua, ndiyo. Inapumua vumbi, na vumbi hilo linaishia kwenye mafuta.

Hata hivyo, lawama kubwa iende kwa wenye moto. Mwenye moto anapokea pesa yake kila jioni, mvua au jua, kisha anasema vidanji ni shauri ya dereva. Dereva naye ananunua mafuta ya bei ya chini kabisa, ya kupimiwa kwenye chupa isiyo na jina. Mafuta yaliyokwisha kutumika yakichujwa kwa kitambaa yanaonekana safi, lakini nguvu yao hairudi. Kuna pia mafuta ya gari yenye dawa ya kulainisha, nayo yanafanya ambreyaji iteleze, kwa sababu kwenye moto hizi ambreyaji na motere vinaoga mafuta yale yale. Chupa ya mafuta ya moto inayofaa imeandikwa JASO MA. Herufi hizo ni za kutafuta kabla ya kulipa.

Wenye moto wanajibu kwamba dereva akipewa pesa ya mafuta anaila. Wengine wanaila, ni kweli. Basi mwenye moto aende mwenyewe dukani, anunue chupa, asimame pale wakati mafuta ya zamani yanatoka, aone wavu unasafishwa. Moto hizi zinachukua karibu litre moja tu. Tarehe iandikwe kwenye daftari, kwa kuwa saa ya kilometa mara nyingi imekufa. Na siku kifuniko cha ambreyaji kinapofunguliwa kwa sababu yoyote, kikombe kisafishwe siku hiyo hiyo, kwa petroli na kitambaa, bila kungoja kigonge.

Limebaki jambo moja, na hili ni la mafundi. Mafuta meusi yanayomwagwa chini hayabaki pale. Jiwe la chokaa lina nyufa na mashimo, maji ya mvua yanapita humo upesi, na kinachomwagwa juu kinaweza kufika kwenye visima. Mama aliyefika juzi na watoto wake, asiye na robine, anachota hapo. Bido moja chini ya meza ya fundi linatosha kuanzia.