Juisi ya zabibu: Neema tunayoitupa pamoja na maganda

Katika Suratun-Nahl, aya ya 67, Allah (SW) anatukumbusha kuwa kutokana na mitende na mizabibu watu hupata kileo na hupata pia riziki njema. Tunda ni moja, njia ni mbili. Kwa kuichukia ile ya kwanza, Waislamu wengi tumeisahau ya pili. Zabibu za Dodoma, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, nyingi huishia kwenye mvinyo, nasi tunafuturu kwa maji ya sukari na rangi yaliyoandikwa "zabibu".

Tuitazame neema hii kitabibu. Zabibu nyeusi ina viini viitwavyo antioksidanti, ambavyo hupunguza makali ya kemikali zinazoharibu chembe hai. Vingi vimo kwenye ganda na kokwa. Ile rangi ya zambarau ni kimojawapo. Kingine ni resveratroli, ambayo mzabibu huitengeneza kujikinga na ukungu na mionzi mikali ya jua.

Kwa hiyo shamba lina sehemu yake. Zabibu zilizoachwa zikomae mtini, majani yakapunguzwa ili jua la kiasi lifikie vichala, aghalabu hupata rangi na viini zaidi kuliko zilizofichwa kivulini. Hata baada ya kuvunwa tunda huwa bado hai. Watafiti wameonyesha kuwa zabibu zikimulikwa kidogo kwa mionzi ya urujuanimno kisha zikahifadhiwa siku chache, resveratroli huongezeka. Lakini juisi ikikaa muda mrefu kwenye joto, rangi na viini vyake hupungua.

Sasa jikoni. Wengi wetu tunakamua haraka na kutupa maganda, yaani tunatupa kilicho bora. Fanya hivi:

1. Nawa mikono, osha zabibu kwa maji safi yanayotiririka, toa zilizooza.
2. Ziponde pamoja na maganda, uzipashe kwenye moto mdogo kama dakika 15 bila kutokota. Joto hutoa rangi kwenye ganda.
3. Chuja, usiongeze sukari, weka kwenye chombo kilichochemshwa.
4. Weka kwenye jokofu. Kama huna, tengeneza ya kunywa siku hiyo hiyo.

Jambo la nne ni la afya na la dini. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa Mtume (SAW) alikuwa akirowekewa zabibu kavu, akanywa hadi jioni ya siku ya tatu, kisha haendelei nayo. Kwa joto letu, juisi huweza kuchachuka mapema zaidi. Ukiona povu au harufu ya ulevi, mwaga.

Mwaka 1869 daktari wa meno wa Marekani, Thomas Welch, Mkristo aliyechukia kileo, alichemsha chupa za juisi ya zabibu ndani ya maji ili isichachuke. Ikiwa yeye alihangaika hivyo, sisi tulioharamishiwa kileo waziwazi tuna udhuru gani?

Tahadhari: juisi hii ni chakula, si dawa. Mgonjwa wa presha asiache vidonge vyake. Mwenye kisukari ajue kuwa hata isiyoongezwa kitu ina sukari nyingi. Kwake bora ni punje chache nzima, pamoja na maganda.

Wabillahi tawfiq.