Usinipe Kidonge Kabla Hujaniuliza

Najua nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi. Si mitihani, si bumu kuchelewa. Moyo ulikuwa na mambo yake, na baada ya hapo dawa nayo ikawa na mambo yake. Sasa niko fiti kiasi cha kukaa na kuandika, na nina neno la kusema kuhusu ukarimu wetu.

Kwa wale wageni hapa: nina ugonjwa wa mapigo ya moyo kwenda mbio. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika. Wa kwangu unaweza kuwa 75, mara paa, unaruka mpaka 190 nikiwa nimekaa tu naandika notsi. Daktari alinieleza hivi: moyo una umeme wake, na umeme huo una barabara yake. Mimi nilizaliwa na kijinjia cha ziada. Siku umeme ukiingia huko unazunguka kama daladala iliyokwama kwenye kipilefti, haitoki, na kila ikizunguka moyo unadunda. Baadaye inatoka yenyewe, au naisaidia kwa kujikamua pumzi kama daktari alivyonifundisha, au naenda hospitali wanichome sindano.

Si ugonjwa wa ajabu. Oktoba 2003 Tony Blair, akiwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alikimbizwa hospitali kwa mapigo kwenda mbio, na mwaka uliofuata wakampitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wakachoma sehemu iliyokuwa inaleta vurugu. Akarudi kazini. Lakini Blair alipimwa siku ileile. Mimi zahanati moja iliniambia ni wasiwasi wa mitihani, na jirani zetu kule Rubafu wakasema nimetupiwa kitu. Ilichukua miaka miwili mpaka nikakutana na kipimo cha ECG moyo ukiwa kwenye mbio zake. Hapo ndipo ugumu ulipo: ukifika hospitali moyo umetulia, karatasi inatoka safi, unaonekana mwongo. Na kama unatoka kwetu, kufika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, ambayo ilianzishwa 2015, ni safari ya zaidi ya kilometa 1,300 kwa barabara.

Sasa niingie kwenye hoja. Sisi ni watu wa kupeana. Nyumbani Kagera ukiingia kwa mtu, kabla ya habari yoyote unaletewa kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri zikaanikwa. Ni robusta hiyo, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Kuikataa ni kama mtu amekupa mkono wa salamu ukaweka wako mfukoni. Hapa chuo nako ni hivyohivyo, ila badala ya kahawa tunapeana vidonge. Ukikohoa tu, chumba kizima kinafungua mabegi. Huyu ana dawa ya mafua, yule ana Cipro iliyobaki ya mwezi uliopita, mwingine ana kitu alichopewa dada yake hata jina limefutika. Wote wanakupenda. Na wote, kwa mtu kama mimi, wanaweza kunipeleka wodini.

Siongezi chumvi. Dawa nyingi za kufungua pua zilizoziba zinafanya kazi kwa kubana mishipa ya damu, na hizohizo zinausukuma moyo ukimbie. Cipro na erithromaisini zinaweza kuchelewesha umeme wa moyo kujipanga upya kati ya pigo na pigo. Kwa wengi haina neno, kwa mwenye tatizo la aina fulani ya mapigo ni hatari ya kweli. Kwinini nayo ina historia yake na moyo: mwaka 1912 mfanyabiashara mmoja wa Kiholanzi alimwambia daktari Wenckebach kwamba akimeza kwinini mapigo yake yaliyokuwa ovyo yananyooka. Daktari hakuamini mpaka alipoona mwenyewe. Dawa inayoweza kunyoosha mapigo inaweza pia kuyapinda. Na sisi ni watu wa Kagera, malaria tunaijua. Muleba ilipigwa na mlipuko mbaya 2006. Kwetu homa ikipanda tu, mkono unakwenda kwenye dawa kabla ya kwenda kwenye kipimo.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mtu wa moyo asitibiwe malaria! Malaria isiyotibiwa inaua, tena haraka. Mseto ni salama kwa watu wengi sana, lakini hata karatasi ya ndani ya boksi inataka wenye matatizo fulani ya moyo waseme kwanza. Kusema kwanza, basi. Hilo tu ndilo ninalolidai.

Halafu kuna hili la mwili kuzipokea dawa vibaya. Nimepewa propranololi ya kupunguza mbio. Kuna watu wanameza miligramu 40 asubuhi na jioni wanakwenda zao kucheza mpira. Mimi nusu ya hiyo ilinilaza darasani, mikono baridi kama samaki wa ziwani, nikisimama ghafla dunia inazunguka, usiku ndoto za kutisha. Daktari akanishusha mpaka kidonge cha 10. Aliniambia ini la kila mtu linasaga dawa kwa kasi yake, huyu haraka, yule polepole, ni maumbile. Kwa hiyo mtu akikwambia dawa fulani haimpendi, usimwambie anadeka. Wewe hukai ndani ya mwili wake.

Na upande wa pili ni huohuo. Muhula uliopita jamaa mmoja wa kozi yetu alisikia kwamba propranololi inatuliza woga. Kweli, wapo wanamuziki na wasemaji wanaopewa kabla ya kupanda jukwaani. Alikuwa na zoezi la kufundisha mbele ya wenzetu, mikono inamtetemeka, akaniomba kimoja tu. Nikamuuliza, "Kaka, una pumu?" Akasema anayo tangu utotoni, kwani vipi? Vipi ni kwamba dawa hii inaweza kumbana mwenye pumu njia za hewa mpaka akose pumzi. Alininunia siku tatu, eti mchoyo wa kidonge. Afadhali ninuniwe kuliko kwenda msibani.

Ndiyo maana nasema ukarimu uanze na swali. "Una ugonjwa wowote? Kuna dawa unatumia? Kuna dawa iliwahi kukudhuru?" Ni sekunde kumi. Tanzania ilianzisha maduka ya dawa muhimu mwaka 2003, kule Ruvuma, kwa lengo kwamba hata kijijini muuza dawa awe amefundishwa. Ni jambo zuri, lakini muuzaji naye anajibu anachoulizwa. Ukimtuma mtu "niletee dawa ya kifua", ataletewa dawa ya kifua. Mimi natembea na karatasi kwenye pochi: jina la ugonjwa, dawa na kipimo chake, dawa zilizonisumbua, namba ya nyumbani. Haijanigharimu hata shilingi mia. Ukiwa na pumu, kisukari, kifafa au selimundu, andika ya kwako leo hii.

Na sisi tunaosomea ualimu tuna deni la ziada. Karibuni tutasimama mbele ya mstari wa asubuhi tukiwaamrisha watoto wakimbie mchakamchaka. Yupo atakayesema, "Mwalimu, moyo unakwenda mbio." Wengi tutacheka, maana wa nani hauendi mbio akikimbia? Muulize: unakwenda mbio hata ukikaa? Umewahi kuzimia? Akisema ndiyo, mtoe kwenye mstari na uwaite wazazi wake. Mwaka 2021, tarehe 12 Juni, dunia nzima ilimwona Christian Eriksen wa Denmark akianguka uwanjani, mtu mwenye madaktari wa timu kila siku ya maisha yake. Mtoto wa shule ya kijijini ana wewe tu.

Kuhusu kahawa, bibi yangu ndiye alinifundisha njia. Nilimweleza kwa heshima, nikidhani ataumia. Akafikiri kidogo, akasema: wewe pokea kwa mikono miwili, shukuru, halafu mpe aliyekaa pembeni yako. Mwenye nyumba amekupa, wewe umepokea, na moyo umebaki salama. Tangu hapo hakuna aliyenichukia kijijini, na wanaokaa pembeni yangu wananipenda kupita kiasi.

Kwa hiyo wanachumba wenzangu, fungueni tu mabegi nikikohoa, upendo naujua. Ila ulizeni kwanza, na nikisema hapana msinune. Tafadhali pia msiniombe tukimbilie kipindi cha saa mbili. Natoka mapema, nakwenda mdogomdogo, nakuta viti vya mbele viko wazi.

Alamsiki.