Tunataka Vichekesho vya Muuza Singo

Kuna filamu ya vichekesho ya Uswisi ya mwaka 2006, inaitwa Die Herbstzeitlosen, iliyoongozwa na Bettina Oberli. Kisa chake chepesi tu. Bi Martha, ajuza wa miaka 80, kafiwa na mume na duka lake la vyakula kijijini limedorora. Ujanani alikuwa fundi wa nguo za ndani za kike, akiota kufungua duka Paris. Sasa anaamua: vyakula vinaondoka, sidiria za lesi zinaingia! Mashoga zake watatu, wazee kama yeye, wanavutwa kwenye shughuli hiyo. Kijiji kizima kinawaka moto. Mwanawe, ambaye ndiye mchungaji wa hapo, anaona aibu mbele ya waumini hadi anazizoa bidhaa za mamake na kuzitupa. Na huyo huyo mchungaji, kumbe, ana mwanamke wa pembeni.

Ondoa milima ya Uswisi, tia mikarafuu. Hiyo ni filamu ya Pemba, wallahi. Ila sie hatujaitengeneza bado, na mimi nasema tuitengeneze.

Malighafi tunayo. Singo ya bi harusi husagwa kwa karafuu, mawaridi, asumini, mlangilangi na liwa. Udi hupikwa kwa sukari na manukato. Vikuba hufungwa, shanga za kiunoni hutungwa. Vyote hivyo ni kazi ya mikono ya wanawake, na vyote huuzwa kimya kimya, mkobani, uani, nyuma ya pazia. Kila nyumba inanunua, hakuna anayekiri kununua. Mtoto anatumwa "kachukue kile kitu cha mama", na kitu chenyewe kimefungwa gazeti mara tatu huku kinanukia mtaa mzima. Jamani, hicho si kichekesho tayari?

Lakini tazameni tunavyovigawa vyeo. Mwanamme akipeleka gunia la karafuu kituo cha ZSTC, huyo ni mkulima, mhimili wa uchumi wa Zanzibar, na viongozi humsifu majukwaani. Mama akiichukua karafuu ile ile, akaisaga, akaichanganya na waridi na kuiuza kwa kikopo, hayo ni "mambo ya kike". Aliyeiongezea thamani ndiye tunayemuona hana kazi.

Nasema hivi kwa sababu nimeyaona darasani. Kwenye mazoezi ya kufundisha niliwapa wanafunzi wangu insha fupi kuhusu kazi za wazazi wao. Msichana mmoja aliandika mamake hana kazi. Wenzake wakaguna, maana mama huyo ndiye muuza singo wao wa mtaa, na sare aliyovaa mwanawe ilitoka kwenye singo hiyo. Mtoto hakusema uongo kwa ubaya. Alishajifunza mapema kwamba kazi ya mamake ni ya kuchekwa, akaona bora aifiche.

Amejifunza wapi? Kwetu sisi sisi. Kwenye maigizo ya usiku wa wanafunzi muuza udi ni yule yule kila mwaka: kijana wa kiume kavaa baibui, kajaza mto nyuma, sauti juu, anapita nyumba hadi nyumba kuvunja ndoa za watu. Ukumbi unavunjika mbavu. Mara ya mwisho nilikaa safu moja na wasichana wawili wanaouza udi dakhalia. Pesa hizo ndizo zinazowalipia fotokopi na nauli bumu likichelewa. Wiki nzima baada ya igizo hawakupita vyumbani na mkoba wao. Kicheko chetu cha dakika kumi kiliwagharimu riziki ya siku saba.

Najua wapo watakaosema, "Khaa, hayo ni maigizo tu, acha watu wacheke." Sikatai kucheka. Marehemu King Majuto, aliyefariki 2018, alituchekesha miaka na miaka, na mara nyingi aliyechekwa ni yeye mwenyewe, mzee mjanja anayenaswa na ujanja wake. Na kwenye filamu ya Bi Martha hatuzicheki sidiria. Tunawacheka wanaozinyooshea kidole mchana huku usiku wana yao. Vichekesho hivyo vinamgusa mwenye nguvu. Vya kwetu vinamkanyaga mwenye mkoba.

Wengine watasema hayo ni mambo ya sitara, hayafai kuanikwa kwenye skrini. Hoja hii naiheshimu, maana nimelelewa ndani yake. Ila hakuna anayetaka kamera iingie chumbani kwa bi harusi. Kichekesho kiko njiani na barazani: kwa mteja anayejificha, kwa mume anayepiga kelele na kumbe hela ya mafuta ya boti yake imetoka kwenye kikopo cha singo. Sitara inalinda heshima ya mtu. Dharau inaiondoa. Tusivae moja tukaiita nyengine.

Na tukumbuke Siti binti Saad. Kabla ya sauti yake kurekodiwa Bombay mwaka 1928, alikuwa msichana wa Fumba anayekwenda mjini kwa miguu kuuza vyungu. Watu walimsimanga kwa asili yake hiyo. Yeye akajibu kwa wimbo, na waliomcheka hakuna anayewajua leo.

Kwa hiyo naiomba klabu yetu ya maigizo ifanye jambo moja muhula ujao: iandike filamu fupi ya kuchekesha ya wanawake watatu wa Pemba wanaoanzisha duka la singo barabarani, mlango wazi, kibao juu. Simu zenye kamera nzuri zipo, na Zanzibar ina tamasha lake la filamu, ZIFF, tangu 1998, kwa hiyo pa kuipeleka papo. Sharti langu ni dogo: mswada usomwe kwanza na wanaouza udi dakhalia. Wakicheka wao, basi nasi tutacheka.