Vita ya Msumbiji: Kusini Tuzungumze Wazi

Wazee wa Nachingwea wanakumbuka. Wapiganaji wa FRELIMO walifunzwa hapa, na Samora Machel aliishi nao kambini. Serikali ya Mwalimu ilisema wazi vita ile ni ya nani, nasi tukaibeba.

Leo ng'ambo ya Ruvuma kuna vita nyingine. Ilianza Oktoba 5, 2017, Mocímboa da Praia. Maelfu wameuawa, wakiwemo Waislamu wengi. Oktoba 2020 ilivuka mto ikafika Kitaya, Mtwara. Vijana wetu wa JWTZ walikwenda huko na kikosi cha SADC kuanzia 2021, kikosi kikaondoka 2024. Je, ni nani aliyeitisha mkutano Ruangwa au Nachingwea akatueleza?

Wakubwa wakinyamaza, vijiwe vinatunga. Kila mwenye kanzu na kofia anageuzwa gaidi! Huo ni upuuzi wa hatari. Mashehe wa Cabo Delgado ndio waliotangulia kuonya kuhusu kundi lile, kabla ya 2017. Hawakusikilizwa ipasavyo.

Tena tusidanganyane kwamba ni dini tu. Kule kuna rubi Montepuez na gesi Palma, lakini kijana wa kijijini hana kazi. Sisi Ruangwa tuna madini ya kinywe. Somo hilo halituhusu?

Serikali ya CCM iitishe mikutano ya hadhara. Mashehe, mapadri, madiwani na vijana waulize, wajibiwe. Siri za jeshi zibaki jeshini; vita inayobisha hodi kwetu si siri.