Daktari wa Nani?

Uzamivu wa sayansi ya mifugo hapa Kenya mara nyingi huanza kwa kuomba. Mtafiti anaomba ashikiwe ng'ombe, anaomba damu, anaomba kupe walioganda masikioni, anaomba saa nzima ya maswali: mwaka huu umezika ndama wangapi? Mfugaji anatoa yote hayo bure. Kisha gari linaondoka, na hapo ndio mwisho wa kuonana.

Miaka kadhaa baadaye, damu ile imekuwa tasnifu nene ya Kiingereza. Najua kwa sababu tasnifu ndizo zinanilipia nyumba. Chuo niliacha nikiwa mwaka wa pili, lakini wanaosaka udaktari hunilipa niwanyooshee lugha. Nimenyoosha nyingi tu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniagiza ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kumrudishia mwenye ng'ombe.

Chukua ndigana kali, ile Wamaasai huita oltikana. Kimelea chake, Theileria parva, huletwa na kupe. Tezi chini ya sikio zinavimba, homa inapanda, mnyama anahema, povu linamtoka puani, na asipotibiwa mara nyingi hufa ndani ya wiki chache. Njia ya kumkinga ilikamilishwa hapa hapa Muguga, karibu na Nairobi, miaka ya 1970: ng'ombe hudungwa vimelea hai pamoja na oksitetrasaiklini ya kuvidhibiti, na kinga yaweza kudumu miaka mingi. Chanjo yenyewe hukaa ndani ya naitrojeni ya majimaji, kwa hivyo kuifikisha bomani ni gharama na kazi ya mtaalamu. Hilo naelewa. Lakini maelezo hayagandishwi. Maelezo yanataka lugha tu.

Nitaambiwa Kiswahili hakina istilahi. Wee! Hizo kupe, tezi, ndama na josho mtafiti alizitumia vizuri sana siku ya kuomba damu. Mbona zimpotee siku ya kurudisha majibu? Nitaambiwa pia majarida ya kimataifa hayataki Kiswahili. Sawa, wapelekeeni Kiingereza chao. Nani kawakataza kuandika kurasa mbili zaidi? Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii. Kwa tasnifu zetu, urasmi huo unaishia langoni mwa chuo.

Basi vyuo viweke sharti. Kabla ya kutetea tasnifu mbele ya maprofesa, mtafiti aitetee kwanza bomani, kwa Kiswahili, au kwa Kimaa, au kwa Kipokot, mbele ya wale waliomshikia ng'ombe. Wamuulize maswali hadi watosheke. Akishindwa, joho lingoje.

Maana mtu asiyeweza kumweleza mfugaji kilichomuua ndama wake, huyo ni daktari wa nani?