Tone la Kwanza la Masika



Mwezi wa Machi upepo wa kaskazi huwa umekwisha nguvu, na joto huwatia watu hamaki. Siku moja ya namna hiyo niliingia chuoni nimekunja uso. Mtoto mmoja alikosea aya mara tatu. Nikamkaripia hata akalia, na wenzake wote wakanyamaza.

Mara ikanyesha mvua ya kwanza ya masika. Harufu ya udongo ikaingia dirishani. Nikakumbuka Hadithi aliyoipokea Anas bin Malik, iliyomo katika Sahihi Muslim, ya kwamba Mtume (S.A.W.) alifunua nguo yake mvua impate mwilini, kwa kuwa ndiyo kwanza itoke kwa Mola wake. Nikatoka na watoto barazani, tukaikinga kwa viganja. Yule mtoto akacheka. Nami nikamtaka radhi mbele ya wenzake. Tuliporudi, aliisoma aya ile bila ya kukosea.

Ndugu zangu, ghadhabu ya mzazi au mwalimu haihitaji neema kubwa ndipo itulie. Tone la mvua, kikombe cha kahawa, harufu ya asumini: vyote vyatoka kwa Mola. Tuvipokee kwa shukrani kabla hatujawaliza watoto wetu.

Wabillahi tawfiq.