Kichwa Kutulia Si Kupona

Hapa mkoani Singida, wapo wagonjwa wa shinikizo la juu la damu wanaoacha dawa pindi kichwa kinapotulia. Ni hatari, kwani ugonjwa huu mara nyingi hauna dalili. Kipimo ndicho kisemacho kweli. Hata hivyo, lawama isiwe yao peke yao. Mkulima wa alizeti wa Mkalama akilazimika kufuata vidonge kila mwezi, wakati wa palizi atashindwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza mgonjwa ambaye shinikizo lake limedhibitiwa aonwe kila baada ya miezi 3 hadi 6. Kwa maoni yangu, watoa huduma tumpatie dawa za kumtosha muda huo. Naye azimeze kila siku, hata ajisikiapo mzima.